Ajuaye kubofya tu ni mpangaji katika tarakilishi yake

Wahenga walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Wao hao walitukumbusha kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hizi mbili zilinijia akilini mwezi wa Oktoba 2025, nilipokuwa nimesimama mlangoni mwa maabara ya tarakilishi ya shule ninakofundisha. Ndani mlikuwa na mashine 16, zote za kuukuu, ambazo kikao cha walimu kilikuwa kimezijadili asubuhi hiyo kana kwamba ni maiti inayosubiri mazishi.

Kiini cha mjadala huo kilikuwa tarehe moja tu. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa umezinduliwa Julai 2015. Mashine zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana yake. Kilichokoma ni viraka vya bure vya usalama, yaani marekebisho yanayoziba mianya ambayo wezi wa mitandaoni hupenyea. Nyumba ilibaki imesimama, ila askari wa lango akaondoka.

Kwa mwanafunzi ambaye hajafika mada hii, nieleze kwa ufupi. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski, kicharazio, skrini na printa, na kuziwezesha programu nyinginezo kufanya kazi bila kugombania vifaa hivyo. Pasipo mfumo endeshi, tarakilishi ni sanduku la chuma na waya.

Je, kwa nini tusingehamia Windows 11, mfumo uliotangulia kutolewa Oktoba 2021? Jibu ni kwamba mfumo huo una masharti yake. Unadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, kifaa maalumu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kichakataji kilichomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8. Mashine zetu zilitengenezwa miaka mingi kabla ya kizazi hicho. Hazikuwa na makosa yoyote isipokuwa umri.

Nisiidhulumu kampuni hiyo. Ilitoa njia ya kununua muda: taasisi za elimu ziliruhusiwa kulipia viraka kwa miaka mitatu zaidi, dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, na dola 4 wa tatu. Hizo si fedha nyingi. Lakini miaka mitatu ikiisha, tungerudi pale pale mlangoni, tukiangalia mashine zile zile na kufanya kikao kile kile.

Nilinyosha mkono nikapendekeza njia nyingine: tuziwekee mashine hizo mfumo wa Linux, tena tuwaachie wanafunzi wenyewe kazi hiyo. Naibu wa mwalimu mkuu alinitazama kwa shaka. "Mwalimu, hiyo si kazi ya mafundi? Wakiharibu, nani atajibu?" Nikamwambia nitajibu mimi. Sikujua wakati huo kwamba kweli ningekuja kujibu.

Kwanza nieleze huo mfumo wenyewe, maana wengi wetu huusikia kwa jina tu. Mwaka wa 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye nia ya kuunda mfumo endeshi ambao kila mtu angekuwa na uhuru wa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Mnamo Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, Linus Torvalds, alitangaza kwamba alikuwa akiunda kiini cha mfumo endeshi kama jambo la kujifurahisha tu. Kiini hicho kilikutanishwa na kazi ya GNU, na tangu hapo maelfu ya watu wamekiendeleza. Hivi leo Linux ndiyo iliyomo ndani ya simu za Android, kwa hivyo mzazi anayedai hajawahi kuiona huenda ameibeba mfukoni.

Kiini hicho hufungashwa na vikundi mbalimbali kwa majina mbalimbali. Mwaka wa 2004 Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alianzisha mfumo ulioitwa Ubuntu, neno la lugha za Kusini mwa Afrika ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu 'utu'. Sisi tulichagua Linux Mint, uliojengwa juu ya Ubuntu, kwa sababu toleo lake la 22, lililotoka mwaka wa 2024, linahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu na nafasi ya gigabaiti 20, na limeahidiwa viraka hadi mwaka wa 2029. Mashine zetu nyingi zina gigabaiti 4 za kumbukumbu.

Hata hivyo, hoja yangu kuu kikaoni haikuwa gharama. Wiki moja kabla ya hapo niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu kazi za mfumo endeshi. Walizitaja zote kwa ghibu, tena kwa mpangilio wa kitabu. Nikauliza tena: "Ni nani kati yenu amewahi kuweka mfumo endeshi katika mashine kwa mikono yake?" Hakuna mkono uliopanda. Silabasi ya mfumo wa 8-4-4 iliiweka mada hii katika kidato cha pili. Walikuwa wamekwisha kuipita, kuitahiniwa na kupata alama. Walijua jina la kila kiungo cha ng'ombe, lakini hakuna aliyewahi kukama.

Hapo ndipo penye kidonda. Kwa miaka mingi tumewalea vijana wa kubofya. Wanajua kufungua programu, kuandika barua na kuipamba, na kuihifadhi. Mashine ikikataa kuwaka, wanasimama kando na kusubiri fundi. Mtu wa namna hii ni mpangaji katika tarakilishi yake mwenyewe. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, hana la kufanya ila kutafuta mwenye nyumba mwingine.

Basi tulianza kazi katika likizo ya Novemba, mimi na wanafunzi 11 waliojitolea na ambao wazazi wao waliridhia. Siku ya kwanza hatukugusa mashine yoyote ya maabara. Tulipakua faili ya mfumo, ambayo ina ukubwa wa takribani gigabaiti 3, katika tarakilishi moja. Kisha tukaihakiki. Watengenezaji huchapisha nambari ndefu iliyokokotolewa kutokana na faili yao. Nawe ukiikokotoa nambari hiyo kutokana na faili uliyoipakua, mbili hizo lazima zilingane, herufi kwa herufi. Zisipolingana, faili imeharibika njiani au imechezewa. Yetu haikulingana. Mtandao ulikuwa umekatika kati. Wanafunzi walitaka tuendelee hivyo hivyo, kwa kuwa faili ilionekana nzima machoni. Tulikataa, tukapakua upya usiku ambapo data ni nafuu. Hilo lilikuwa somo la kwanza: macho si mizani.

Siku ya pili tuliandika mfumo huo katika flashi nne. Uzuri mmoja wa Linux ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka katika flashi na kuijaribu bila kugusa diski ya mashine. Wanafunzi walijifunza kuingia katika mipangilio ya awali ya mashine kwa kubonyeza kitufe cha F12 au F2, kutegemea mtengenezaji, na kuiamuru iwake kutokana na flashi badala ya diski. Tulipiga raundi maabara nzima, tukiandika daftarini: mashine namba fulani, sauti ipo, mtandao upo, printa inaonekana. Mashine mbili kati ya 16 zilishindwa kutambua kadi zake za mtandao usiotumia waya. Tulizipangia waya, mambo yakaisha.

Siku ya tatu ndiyo niliyokosea, na ninalisema kosa hili wazi ili mwalimu mwenzangu asilirudie.

Wiki mbili kabla ya kufunga shule, nilikuwa nimewatangazia wanafunzi wote waondoe faili zao katika mashine za maabara kufikia siku ya Ijumaa. Ijumaa hiyo nikapita nikiuliza, "Kuna aliyebakisha kitu?" Wakajibu kwa sauti moja, "La, Mwalimu." Nikaridhika. Kumbe kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa nyumbani wiki hizo zote mbili, ametumwa karo. Katika mashine namba 9 alikuwa ameacha kazi aliyoianza mapema ya mradi wake: hifadhidata ya maktaba ya shule, yenye majedwali ya vitabu, wanachama na siku za kuazima na kurejesha. Tangazo langu halikumfikia, wala swali langu halikumfikia. Niliuliza waliokuwapo. Sikuuliza ni nani hayupo.

Programu ya kusakinisha hukufikisha mahali inapokuuliza: uuweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani, ama uifute diski nzima? Ukichagua kufuta, hukuonya kabla ya kuanza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kijana aliyekuwa kwenye mashine namba 9. Aligeuka akaniuliza, "Mwalimu, nifute?" Nikamwambia afute.

Msichana huyo aliporejea shuleni Januari 2026, alikuja moja kwa moja maabarani. Alitazama skrini, akatazama nambari iliyobandikwa ubavuni, akaitazama skrini tena. "Mwalimu, mradi wangu ulikuwa humu." Sina la kuongeza kuhusu jinsi nilivyojihisi. Tulijaribu programu za kuokoa faili zilizofutwa. Tulipata vipande mamia, havina majina, na chache tu kati yavyo zilikuwa kurasa alizoziandika yeye. Majedwali hayakupatikana. Alikuwa na nakala ya zamani katika flashi ya binamu yake, pamoja na michoro aliyoichora daftarini kwa penseli. Kutokana na hayo aliujenga mradi upya kwa majuma matatu, huku wenzake wawili wakimsaidia kuandika upya orodha ya vitabu jioni baada ya masomo. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na lilitendeka mbele ya darasa.

Majuto ni mjukuu. Kitabu chochote cha somo hili kitakuambia uweke nakala ya akiba kabla ya kubadilisha mfumo endeshi. Kile ambacho vitabu havisemi ni kwamba katika shule zetu, mwanafunzi anayeathirika zaidi na mabadiliko ni yule asiyekuwepo yanapotangazwa, na aghalabu hayupo kwa sababu ya umaskini. Laiti ningaliondoa diski ile na kuihifadhi kabatini kwa muhula mmoja, au kuinakili katika diski ya nje, pasingetokea dhara lolote.

Baada ya kuweka mfumo, watu wengi hudhani kazi imekwisha. La hasha. Mfumo mpya ni kama vazi lililonunuliwa dukani: linakutosha kwa jumla, lakini mikono ni mirefu na kiuno kimelegea. Kazi ya kulirekebisha ndiyo yenye elimu nyingi zaidi, na ningependa walimu waitazame kwa makini.

Tulianza na masasisho. Kila mashine mpya hudai kupakua mamia ya megabaiti za marekebisho. Ukizidisha mara 16, data ya shule ya mwezi mzima huisha kwa siku moja. Wanafunzi wakafundishwa kugeuza mashine moja kuwa ghala: hiyo ndiyo inayopakua kutoka nje mara moja tu, na nyinginezo 15 huteka kwake kupitia waya za maabara. Hapa mada ya mitandao, ambayo huonekana kavu ubaoni, iligeuka kuwa hesabu ya shilingi ambazo kila mmoja aliziona.

Kisha tukaingilia mwendo wa mashine. Kumbukumbu ya tarakilishi inapojaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na kwa kuwa diski za zamani zina sahani inayozunguka, mashine huanza kujikokota. Linux huwa na kiwango kinachoamua jinsi uhamishaji huo unavyofanywa kwa wepesi, na kwa kawaida huwekwa 60. Kijana mmoja alikuwa amesoma mahali kwamba ukikipunguza hadi 10, mashine itapaa. Alitaka tukibadilishe katika mashine zote mara moja.

Nilimzuia. Nikamwambia abadilishe jambo moja katika mashine moja, apime kwa saa ya mkononi, aandike, kisha ndipo abadilishe jambo la pili. Alifanya hivyo kwa siku nzima. Matokeo yake yalimshangaza: kupunguza kiwango kile kulileta nafuu ndogo. Kuzima programu zilizojiwasha zenyewe kila mashine inapowaka kulileta nafuu kubwa zaidi. Na mashine mbili ambazo tulibahatika kuzipatia diski mpya zisizo na sahani ya kuzunguka ziliziacha nyingine zote nyuma kwa mbali. Kijana yule alijifunza mbinu ya sayansi bila mimi kuitaja: usibadilishe mambo matano kwa pamoja, kwani mashine ikipona au ikifa, hutajua ni lipi lililosababisha.

Saa nayo ilitupa kisa. Katika mashine mbili tuliacha mifumo yote miwili, wa zamani na mpya, kwa sababu nitakayoieleza. Tulipotoka katika Linux na kurudi katika Windows saa nne asubuhi, skrini ilisema ni saa moja. Wanafunzi wakadhani mashine imeharibika. Ukweli ni kwamba mifumo hiyo miwili huisoma saa ya ndani ya mashine kwa njia tofauti. Mmoja huichukulia kuwa saa ya mahali ulipo. Mwingine huichukulia kuwa saa ya kimataifa, kisha huongeza tofauti ya eneo lako, ambayo kwa Nairobi ni saa tatu. Amri moja ilimaliza ugomvi huo. Lakini kabla ya kuitoa amri hiyo tulitumia kipindi kizima cha jiografia kuhusu longitudo, mwalimu wa somo hilo akiwa ameketi nasi.

Katika mashine nyingine, betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu ilikuwa imekufa, na kila ikiwashwa tarehe ilirudi miaka mingi nyuma. Tovuti zote salama zikaikataa, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama huwa na tarehe ya kuanza na ya kwisha, nayo mashine iliamini kwamba haijafika tarehe ya kuanza. Tulinunua betri mpya, tukaibadilisha, ikatulia. Ni mashine ngapi zimerundikwa katika stoo za shule zetu kwa sababu ya betri ndogo kama hiyo?

Suala la mamlaka lilikuwa somo la uraia. Katika Linux kuna mtumiaji mkuu anayeitwa 'root', yaani mzizi, ambaye ana uwezo wa kufanya lolote, hata kuung'oa mfumo wenyewe. Watumiaji wengine huwa na mipaka. Wanafunzi walipewa akaunti za kawaida, na wale 11 wakapewa uwezo wa kuomba mamlaka ya juu kwa neno la siri pale kazi inapodai. Mmoja wao alijaribu uwezo huo kwa udadisi, akaondoa sehemu iliyokuwa ikionyesha dirisha na vitufe vyote. Skrini ikabaki nyeusi na maandishi meupe. Akaniita huku akitetemeka. Nilimwambia, "Mwanangu, umeibomoa wewe, utaijenga wewe." Ilimchukua siku mbili. Leo wenzake wakikwama, humwita yeye kabla ya kuniita mimi.

Lipo jambo jingine linalowahusu walimu wa Kiswahili. Tulipofika kwenye orodha ya lugha, tulichagua Kiswahili. Kilichotokea kilikuwa furaha na aibu kwa pamoja. Baadhi ya maneno yalitokea katika lugha yetu, na mengine mengi yakabaki Kiingereza, hata ikawa kama chapati iliyoiva upande mmoja. Sababu ni kwamba tafsiri za mifumo hii hufanywa na watu wa kujitolea, na waliojitolea kwa Kiswahili ni wachache. Haikuwa kwamba haiwezekani. Mwaka wa 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Yaani zaidi ya miaka 20 iliyopita wenzetu walikwisha kutuonyesha njia. Sisi tumekuwa tukibishana ikiwa ni tarakilishi au kompyuta, ilhali mashine yenyewe inaendelea kuzungumza Kiingereza. Darasa la Kiswahili linaweza kuchukua maneno 100 ya mfumo huu, likayajadili, likayafasiri na kuyatuma kwa wanaoutunza. Hilo ni zoezi la isimu lenye manufaa kuliko insha nyingi tunazozisahihisha.

Sasa niwajibu wanaopinga, kwani hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema kwamba wanafunzi hujiandaa kwa mitihani ya vitendo kwa programu za Microsoft, hasa katika hifadhidata, na kuwabadilishia ni kuwahatarisha. Ni kweli kwamba programu huru ya LibreOffice hufanya kazi ya maandishi na majedwali vyema, lakini upande wake wa hifadhidata una tofauti ambazo zinaweza kumkanganya mtahiniwa. Ndiyo sababu tuliacha mifumo miwili katika mashine mbili, na wakiwa katika mfumo wa zamani tunazitenga na mtandao. Mwanafunzi aliyejua kanuni za hifadhidata katika programu mbili hatatishwa na ya tatu.

Wa pili husema kwamba Linux nayo ina mwisho wake. Hilo pia ni kweli. Mfumo wa Debian, ambao ndio mzazi wa Ubuntu, ulikoma kutoa kisakinishi cha mashine kongwe za biti 32 katika toleo lake la 13 la Agosti 2025. Hakuna mashine inayoishi milele. Lakini kuna tofauti kati ya mashine kufa kwa sababu imechakaa na mashine kutupwa kwa sababu hakuna aliyejua kuihudumia.

Wa tatu husema walimu hawana muda. Hapa nitakuwa mkweli: kazi hii ilinila likizo nzima, na hakuna posho niliyolipwa. Shule isiyo na mwalimu aliye tayari haiwezi kulazimishwa. Ndiyo maana ninatoa wito kwa wanaoandaa mafunzo ya walimu wakati huu wa mtaala wa umilisi. Ikiwa neno 'umilisi' lina maana yoyote, basi mwanafunzi wa somo la tarakilishi asitoke shuleni bila kuweka mfumo endeshi walau mara moja, kuuharibu walau mara moja, na kuutengeneza mwenyewe. Mpeni mwalimu mafunzo hayo kwanza, na ratiba yenye nafasi ya kuyatekeleza.

Nanyi wanafunzi, msisubiri wito wa mtu. Mkiwa na mashine kuukuu nyumbani ambayo mzazi ameikatia tamaa, mwombeni ruhusa. Tafuteni flashi moja. Iwasheni kwa majaribio kabla ya kufuta chochote. Andikeni daftarini kila mnachokibadilisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maabara yetu ingali ina mashine 16, na 14 kati yazo zinafanya kazi kwa mfumo mpya pekee. Ukutani, karibu na mlango, pamebandikwa karatasi yenye hatua za kufuata kabla ya kugusa mfumo wa mashine yoyote. Iliandikwa na msichana yule wa mradi wa maktaba, ambaye ndiye sasa mtunzaji wa nakala zetu za akiba. Hatua ya pili inahusu kunakili faili, ya tatu inahusu kuhakiki nakala, na ya nne ni kuijaribu flashi. Hatua ya kwanza ni swali lisilohusu tarakilishi hata kidogo: "Ni nani hayupo leo?"